Gauni la kitani limechanika kwapani: nalishona vipi kwa mkono lisibane?

Salma wa Bamburi

Assalam aleikum, na habari zenu nyote. Wikendi nilikuwa soko la Kongowea hapa Mombasa upande wa mitumba, nikachakura rundo la fagia, yale mabaki ya bei ya chini, nikaibuka na gauni la kitani. Kitani chenyewe, si cha kuchanganya na poliesta: nilichoma uzi mmoja wa ndani ukaungua kama karatasi na kuacha jivu laini, haukuyeyuka wala kufanya donge. Rangi ya mchanga, mikono mirefu, lafika chini kabisa. Muuzaji aliniachia kwa shilingi 150 kwa sababu lina kasoro. Nalitaka la kuvaa kazini, maana kwa joto hili la kaskazi hakuna nguo nyingine inayonipa raha.

Kasoro zenyewe ni hizi. Kwapa la kulia limechanika mpasuko wa urefu wa kidole. Mshono wenyewe uko sawa, kilichochanika ni kitambaa pembeni mwa mshono. Kwapa la kushoto halijachanika ila limekuwa jembamba, ukiligusa unalihisi. Mbele karibu na kiuno kuna vitobo viwili vidogo kama vya msumari. Kwa bahati nzuri upindo wa chini ni mpana sana, kuna kitambaa kingi kimekunjwa ndani.

Nilimpelekea fundi mmoja wa karibu. Akalitazama mara moja akasema atazivuta pande mbili za mpasuko pamoja na kulipitisha cherehani, dakika tano. Nikarudi nalo nyumbani, maana najua likivutwa pale mkono utabana.

Pia nina jinzi ya mdogo wangu, goti limekwisha zimebaki nyuzi nyeupe zimelala kama pazia, na tisheti yake moja yenye vitobo vidogo vidogo tumboni. Kushona kifungo najua, kupinda upindo najua. Nina sindano na uzi wa poliesta wa kawaida. Naomba mnielekeze nianzie wapi.

Fundi wa Mwembe Tayari

Dada Salma, mafundi si wote wa dakika tano. Mimi gauni kama hilo ningelibandika vilini kwa ndani, kile kitambaa chenye gundi, nipige pasi ishike, halafu juu yake nipitishe cherehani kwenda na kurudi mpaka pajae. Kazi ya nusu saa na haifumuki. Kushona kwa mkono ni kuzuri lakini mtu anayetoka kwenda kazini kila siku ataweza wapi? Na hiyo jinzi usijisumbue nayo, lete tu, goti la jinzi ni kazi ya cherehani.

Bi Mkubwa wa Kuze

Wa aleikum salaam Salma mwanangu. Ulifanya vyema kurudi nalo. Gauni hilo lina dawa, na dawa yake ni mkono.

Kabla ya kushika sindano nakuomba uache kuutazama mpasuko. Mpasuko ni pale tu kitambaa kilipoachia. Ugonjwa uko pembeni, kwenye kitambaa kilichochoka ambacho bado hakijachanika. Viraka vingi ninavyoletewa hapa nyumbani vimebanduka baada ya kufuliwa mara chache, na ukivichunguza utakuta uzi uko salama na kiraka kiko salama. Kilichokatika ni kitambaa kilichoshikiliwa na ule uzi. Mshonaji alishona mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kushikilia.

Basi lifue kwanza, lianike kivulini, ulipige pasi lingali na unyevu, maana kitani kikishakauka hakikubali kunyooka. Kisha uende nalo dirishani mchana, uligeuze ndani nje, uliinue kwapa kwenye mwanga. Utauona mpasuko, na kuuzunguka utaona mahali mwanga wapenya kama unachungulia ndani ya kifumbu. Hapo nyuzi zimeliwa na jasho na dawa ya kwapa. Endelea kutazama mpaka ufike kitambaa kinapoziba mwanga sawasawa, shika kipande cha sabuni kavu uchore mstari. Huo ndio mpaka wako, na mshono wa kushikilia usikae ndani yake. Usishtuke mpasuko wa kidole kimoja ukikupa duara la kiganja.

Waona sasa kwa nini yule fundi hakukufaa? Angezivuta pande mbili ambazo zote ni mbovu, na juu ya hapo angelipunguza kwapa. Siku ya kwanza tu ukishika chuma cha juu ndani ya matatu, lingechanika inchi moja kando ya mshono wake.

Watu wa kanzu hili walilijua tangu zamani. Kanzu iliyoshonwa kwa desturi ina badani, kile kipande cha kiwiliwili, ina taharizi, vipande vya ubavuni, na kati ya mkono na taharizi kunatiwa kikwapa, kile kipande kidogo cha mraba. Kazi yake ni moja, mkono uinuke bila kuivuta badani. Mtu anasujudu, anainuka, anabeba mzigo, na kanzu haimkabi. Gauni lako limekatwa bila kikwapa, ndiyo maana lilichanikia hapo hapo. Mimi nisingelitia kiraka upande wa kulia. Ningelitia kikwapa.

Kitambaa unacho, kimo kwenye upindo. Fumua upindo wote, kata ukanda kwa ndani, halafu upinde upya upindo mwembamba. Kitambaa hicho kimefuliwa pamoja na gauni miaka yote kwa hiyo hakitarudi tena, na rangi yake itazidi kidogo tu kukolea kwa kuwa hakikuona jua. Kwapani hakuna atakayeona. Kata mraba unaofuata nyuzi, upana wa kiganja, zaidi kidogo kwa ajili ya kukunja. Ufumue mshono wa mkono na wa ubavu pale vinapokutana, ukate kile kitambaa kibovu mpaka kwenye mstari wako wa sabuni, halafu uutie mraba kwa kona: kona moja ielekee kwenye mkono, ya pili ishuke ubavuni, mbili zilizobaki ziende mbele na nyuma. Ukiutia hivyo, mkono ukiinuka kitambaa kinavutwa mshazari, na kitambaa cha kufumwa kikivutwa mshazari hunyumbuka. Ukivute sawa na nyuzi zake, hakikupi hata kidogo. Jaribu kwa leso (kanga) mkononi mwako sasa hivi utaona.

Kwanza piga bandi, mishono mirefu kwa uzi wa rangi nyingine, usikaze. Uvae. Inua mikono, jifunge mtandio, kaa, chukua kitu juu ya kabati. Pakikaza mahali fumua bandi usogeze. Hatua hii watu huiruka kwa haraka, nami nakusihi usiiruke, maana ndiyo inayokupa nguo ya mwili wako. Ukisharidhika shona kwa kurudi nyuma: sindano itoke mbele, irudi nusu ya hatua, itoke tena mbele. Mishono midogo lakini usiibane. Ukimaliza zunguka upande wa ndani ukizikunja kingo na kuzilaza kwa mishono ya upindo, kila mshono uokote nyuzi mbili tatu tu, kwa sababu kitani kikiachwa wazi hufumuka chote.

Uzi wa poliesta uweke kwa kazi nyingine. Ni imara kupita kitani kilichozeeka, na viwili vikivutana kitakachokatika ni kitambaa. Tafuta uzi wa pamba, maduka ya Barabara ya Biashara ukiuliza utapata. Mimi huupitisha kwenye nta ya nyuki kwanza usijisokote. Urefu usizidi kutoka kidoleni hadi kwenye kiwiko. Uzi mrefu hufunga mafundo, na kadiri unavyopita kwenye kitambaa ndivyo unavyochakaa kabla haujafanya kazi.

Kwapa la kushoto halihitaji kukatwa. Litie kipande cha leso kuukuu kwa ndani, ile iliyofuliwa mpaka ikawa laini. Kikate kona za mviringo, kipite mpaka wa sabuni kwa upana wa kidole, ukishone ukingoni kwa wepesi, kisha upitishe mistari michache ya mishono midogo katikati ili vitambaa viwili vibebe mzigo pamoja. Leso mpya usitie, itarudi ikifuliwa na kulikunja gauni.

Vile vitobo viwili vya kiunoni nitakwambia ninavyofanya mimi, ambaye nimeshona kofia tangu usichana. Kofia zetu za mkono zote ni vitobo, mamia kwa mamia, na kila kimoja kinazungushiwa uzi ukingoni kikakaa miaka. Fanya hivyo hivyo. Chomoa nyuzi kwenye ule ukanda wa upindo, utapata uzi wa kitani wa rangi ile ile, uzungushe ukingo wa kitobo mshono kwa mshono bila kuvuta. Kisha ama ukiache wazi kama kitobo cha kofia, ama upitishe nyuzi tatu nne za kusimama na tatu nne za kulala, juu chini juu chini, kizibe. Mimi ningeviacha wazi nikaongeza vingine viwili vitatu kwa mpangilio. Kitani hupendeza kwa kazi ya namna hiyo.

Kaka Fundi, heshima yako naiweka, lakini vilini kwapani hapana. Ile gundi hulegea kwa joto na jasho, na kabla ya kulegea imeshakifanya kitambaa kigumu. Pale kigumu kinapokutana na laini ndipo kitani kitakapojikata. Na cherehani ikienda na kurudi juu ya kitambaa kilichochoka inakitoboa upya kila hatua.

Muuza Fagia

Bi Mkubwa, Mungu akuweke. Mimi nauza Kongowea na hayo ya mwanga nayasema kila siku, wateja hawasikilizi. Tukifungua robota, kamera, yaani zile nguo bora za kwanza, zinaondoka asubuhi kwa wenye vibanda na wanaouza mtandaoni, mchana inabaki fagia, na humo ndimo kumejaa nguo nzuri zenye kasoro ndogo ambazo mtu angezishughulikia jioni moja. Nyingine zinaishia kuwa matambaa ya gereji. Inaniuma.

Serikali iliposimamisha uingizaji wa mitumba Machi 2020 kwa ajili ya korona, mpaka Agosti hivi ndipo ikaruhusu tena, sisi tulibaki na mabaki ya mwisho kabisa. Nilianza kuyapeleka kwa mama mmoja jirani yetu Kisauni, akawa anashona matobo, nikauza. Mpaka leo nguo zenye kasoro ndogo haziingii kwenye rundo langu kabla hazijapita kwake.

Nawaongezea la kununulia. Ukichagua fagia shika kitambaa kwa vidole gumba viwili, ukivute kidogo karibu na tobo. Kikitoa sauti ya kukatika nyuzi, kirudishe, hata kama rangi imekupenda. Madoadoa meusi ya koga pia rudisha, koga likishaota limekula nyuzi na sindano haina la kufanya. Lakini zipu mbovu, kifungo kimepotea, upindo umefumuka, lastiki imekufa: hizo chukua bila kufikiri, kitambaa ni kizima.

Na bei ombeni vizuri. Ukinionyesha tobo ambalo sikuliona nitashusha.

Salma wa Bamburi

Bi Mkubwa shukran sana, nimesoma mara mbili. Nimekwenda dirishani na sabuni. Mpaka wa kulia umefika karibu na mshono wa mgongo, nisingejua kamwe. Wa kushoto ni mdogo, leso inatosha, na leso kuukuu kwetu hazikosekani.

Namba ya sindano sijui, niliyo nayo ni nene, inaacha alama. Na kuhusu jinzi na tisheti, nimwachie kaka Fundi au nayo naweza?

Bi Mkubwa wa Kuze

Waweza. Sindano za mkono namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba, kwa hiyo kitani tafuta 9, jinzi 5. Usiziache zimechomekwa kwenye nguo usiku. Hewa yetu ina chumvi, msimu wa mvua hasa, asubuhi utakuta alama ya kutu. Ikishatokea, limau na chumvi juani huitoa, ila kwenye kitambaa chenye rangi jaribu kwanza mahali pasipoonekana.

Jinzi ndiyo kazi niipendayo kuliko zote. Zile nyuzi nyeupe usizikate! Jinzi hufumwa kwa mtande wa buluu, nyuzi za kusimama, na mshindio mweupe, nyuzi za kulala. Buluu ndiyo iko juu, kwa hiyo ndiyo inayosuguliwa na kwisha, nyeupe inabaki imelala imenyooka kama ulivyoiona. Maana yake nusu ya kitambaa bado ipo. Kazi yako ni kurudisha mtande.

Fumua mshono wa ubavuni kwenye goti, ule wenye mstari mmoja, upate nafasi ya mkono. Ndani weka kipande cha jinzi nyepesi au cha kikoi, kipite mpaka wa kitambaa kibovu kote. Chini yake weka kifuu cha nazi kilichosuguliwa nje mpaka kikateleza, kikae kama goti, kitambaa kipate kutulia bila kukunjana. Kisha kwa uzi wa pamba wa buluu shona mistari ya kusimama. Ukifika kwenye nyuzi nyeupe, sindano ipite juu ya moja chini ya nyingine, au juu ya mbili, ikiokota na kile kipande cha nyuma hapa na pale. Mstari unaofuata kinyume chake. Ikaribiane kiasi cha uzi mmoja.

Mambo mawili hapa nayashikilia sana. Mistari isiishie mahali pamoja. Mmoja uende mbali, wa pili uishie mapema, wa tatu mbali, la sivyo nguvu yote itaangukia mstari mmoja na pale ndipo patakapochanika tena, juu kidogo ya kazi yako. Na kila unapogeuka mwisho wa mstari, acha kikunjo kidogo cha uzi kimelegea. Uzi wa pamba hurudi ukifuliwa, ukikosa pa kuchukua utakunja goti lote.

Tisheti ni kitu kingine, ile imesukwa kwa vitanzi, haina mtande wala mshindio. Kitanzi kimoja kikiachia kinaendelea kufumuka, kwa hiyo cha kwanza ni kukamata vitanzi vyote vilivyo wazi ukingoni mwa tobo. Halafu kipande cha tisheti nyingine kwa nyuma, kilale upande ule ule wa kunyumbuka, ukishike kwa mishono ya kwenda mshazari na kurudi, ilegee, nguo ipate kuvutika bila kukata uzi. Sindano iwe ya ncha butu kidogo, ipite kati ya vitanzi isivikate. Na mwambie mdogo wako matobo ya tumboni karibu kila mara ni kifungo cha jinzi kikisuguana na ukingo wa meza au wa karo la vyombo. Panya hawahusiki, kwani najua atawasingizia.

Fundi wa Mwembe Tayari

Bi Mkubwa, la vilini nimelisikia na kwa kwapa la kitani nakubali. Kwa jinzi bado nasema, ikiwa imechakaa kati ya mapaja, mtu wa bodaboda anayekaa kwenye kiti kutwa nzima, hapo cherehani lazima. Goti nakuachia wewe.

Dada Salma, ukienda dukani taja kuwa wataka sindano za mkono. Za cherehani namba zake ni kinyume, 16 ndiyo nene ya jinzi na 11 ni nyembamba, watu huchanganya. Na ule mshono wa ubavuni usiufumue kwa wembe, utakata kitambaa. Pita na jinzi kwangu nikufumulie, uende ukashone goti lako pole pole, ukimaliza uirudishe niufunge ubavu kwa cherehani kama ulivyokuwa. Kufumua sitakutoza, nilipe wa kufunga tu.

Salma wa Bamburi

Nakuja Jumamosi kaka, inshallah, kabla ya adhuhuri. Bi Mkubwa, kifuu nimeshakipata, mama ananisugulia kwa msasa hapa.